Paa linashikwa na nini?

Maneno ya komite ya ujenzi mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka

Prezida ametupa nusu saa. Tunajua baada yetu kuko hesabu ya mfuko wa misiba, na kila mtu anaingojea hiyo kuliko sisi. Tutajaribu kutokula saa yake.

Tumeombwa kujibu lile swali la kontena. Kwa wale ambao hawakuwapo mkutano uliopita: kuko vijana wetu waliotoka kambini Nyarugusu wakapelekwa Marekani, na kati yao wanne wanafanya kazi ya kuezeka nyumba. Wametuandikia kwamba wao na jirani zao wa kule wako tayari kuchanga, watume kontena la vigae vya lami, tuezeke nyumba kumi za wanachama wasio na paa. Barua ilisomwa hapa hapa. Vigelegele mlivisikia. Halafu yakaanza maneno ya pembeni. Wengine: nani anakataa zawadi? Wengine: komite iko inachelewesha, labda inataka pesa taslimu. Njo maana tumesimama mbele yenu leo.

Kwetu sisi paa si jambo la urembo. Wengi wetu tulirudi kuanzia mwaka 2005, HCR ilipoanza kutuleta kwa boti kutoka Kigoma. Tulikuta nini? Mwenye bahati alikuta kuta. Mabati yalikuwa yameng'olewa zamani na kwenda na walioyang'oa, na ukuta wa udongo usio na paa mvua haiuachi miaka mingi. Wengine tulikuta mpapai umeota mahali pa kitanda cha baba. Tukafunga shitingi juu ya miti, tukalala chini yake kama tulivyolala Lugufu na Nyarugusu. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba sasa tulikuwa chini ya shitingi kwetu. Kwa hiyo mtu akisema atatupa paa, hatucheki naye. Tunasimama.

Basi, mmoja wa wale vijana alikuja kusalimia wazazi wakati wa jua kali, mwezi wa saba. Badala ya kutuletea viatu na simu, alituletea kifurushi kimoja cha vile vigae, kilo karibu 30, amekigawa katika mabegi mawili ili ndege isimtoze. Mama yake hajamsamehe mpaka leo. Alisema: "Bababa, msijadili kitu ambacho hamjakigusa. Tukiweke mahali, mkione."

Tulikifungua. Ndani kulikuwa vipande 21, kila kimoja mita moja hivi kwa urefu na upana wa sentimita 33. Si kigae cha udongo kama vile vya misheni za zamani. Ni kitu kinachopinda mkononi: ndani kitambaa cha nyuzi za kioo, kimeloweshwa lami, juu kimenyunyiziwa punje za mawe zinazokinga lami na jua. Upande wa chini kila kipande kimekatwa mara mbili, kinakuwa kama na ndimi tatu. Katikati kuna mstari wa gundi. Tukauliza, kifurushi hiki kinafunika wapi? Akapiga hesabu: mita tatu za mraba, basi. Tukatazamana. Katika ofisi yetu yote, kitu pekee chenye paa la kadiri hiyo ni choo.

Mmeshakwenda kukiona, wengine zaidi ya mara moja bila kuwa na haja. Wazee walicheka sana, kwamba lami tunayoingojea barabarani imetangulia chooni. Lakini tuwaambie kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa sababu jibu letu limetoka pale.

Jambo la kwanza, kijana alikataa kupanda. Alitazama miti ya lile paa, akasema vigae hivi havilali juu ya papi zilizoachana kama bati. Bati ni gumu, linajibeba lenyewe kutoka papi moja mpaka nyingine. Kigae cha lami hakijibebi hata kidogo, kinataka mbao zilizofunika paa lote kama sakafu. Kule kwao wanatumia tripleksi nene. Sisi tukaleta mbao za kupasua. Akazigusa, akakataa tena: mbichi. Mbao mbichi ikikauka inanywea na kujipinda, na kigae kilichopigiliwa juu yake kinavutwa na kukunjamana. Tulitafuta mbao kavu wiki nzima, mji mzima, kwa ajili ya choo! Mwishowe tukazipata kwa mzee mmoja aliyekuwa amezihifadhi kwa ajili ya jeneza lake mwenyewe. Alitukopesha. Tumemrudishia nyingine, asante kwake.

Pili, mwinuko. Alitaka paa lipande mita moja kwa kila mita tatu za kwenda mbele, maana vigae havikuunganishwa kama bati. Kinachozuia maji ni kulaliana tu, na mahali palipo tambarare mno maji yanarudi nyuma na kupenya. Tukanyanyua ukuta wa nyuma tofali mbili.

Ndipo kazi ikaanza. Juu ya mbao alitandika shitingi, kwa kukosa ile karatasi yao ya lami, akaanzia chini kwenda juu, ile ya juu ikilalia ya chini. Pembeni, kwenye ukingo, tulikunja bati kuukuu ili maji yadondoke mbali na mbao. Halafu alichukua vipande vichache, akazikata zile ndimi, akapigilia mkanda uliobaki kwenye ukingo wa chini kabisa, gundi ikiwa karibu na ukingo. Tukamwuliza kwa nini anaharibu vipande na tunavyo 21 tu. Akasema mstari huo hauonekani ukimaliza, lakini bila huo, zile nafasi katikati ya ndimi za mstari wa kwanza hazina kitu chini yake, na upepo ukija unaanza kuinulia pale. Juu yake akaweka mstari wa kwanza mzima. Wa pili akausogeza kando nusu ya ulimi, ili nafasi isikutane na nafasi. Kila mstari uliacha sentimita 14 tu za ule wa chini zionekane, zilizobaki zimefunikwa.

Na misumari. Minne kila kipande, ya kichwa kipana, yote chini kidogo ya mstari wa gundi, hakuna wa juu zaidi wala wa pembeni. Msumari usiingie kwa mshazari, usizame ukakata kigae, usibaki umesimama. Fundi wetu, ambaye amepigilia mabati tangu enzi za Mobutu, alipewa nyundo, akapiga kwa nguvu zake za kila siku, kichwa kikatoboa kikapita. Kijana akauchomoa bila kusema kitu. Wa pili ukawa sawa. Kila msumari ulifunikwa na mstari uliofuata, kiasi kwamba ukipanda sasa hivi utaiona michache tu ya mstari wa juu, ambayo aliipaka lami. Kazi ilifanyika asubuhi peke yake, kwani saa sita vigae vilikuwa laini, kiatu kinaacha alama. Jua hilo hilo liliyeyusha ile gundi, vikashikana vyenyewe siku ya pili.

Choo hakivuji. Na tuseme ukweli wote: mvua ya kwanza ilipokuja, ofisini chini ya bati hatukusikiana, ikabidi katibu aache kusoma raporo. Aliyekuwa chooni alisema kule kuko kimya kama kanisani. Bamama waliposikia hivyo wakataka vigae palepale. Tunawaelewa.

Lakini sasa tuchukue nyumba yetu ya kawaida, ile ya mita 5 kwa 7. Kwa bati, ni mabati 20 ya mita tatu, kumi huku na kumi huku. Yakiwa yale mepesi, yote pamoja hayazidi sana uzito wa watu wazima wawili. Kwa vigae, ni vifurushi 15, na ukiongeza vya ukingo na vya mgongo wa paa inafika 17. Hiyo ni nusu tani. Na chini yake mbao kavu za mita za mraba 46, bila nafasi, halafu kenchi za kubeba vyote hivyo juu ya kuta za matofali mabichi. Kontena litaleta vigae. Mbao nani ataleta? Mbao za nyumba moja ya vigae zingetosha kenchi na papi za nyumba kadhaa za bati.

Kuko mengine. Kigae kikipasuka, hapa sokoni hakuna cha kubadilisha. Jua letu halina miezi ya baridi ya kupumzika, na lami inayochomwa mwaka mzima inakauka na kuachia zile punje haraka. Maji je? Wengi wetu tunakinga maji ya paa kwenye pipa, na katika mji unaojua kolera kama wetu, hilo pipa si mchezo. Maji ya paa la lami yanashuka na punje na harufu, hatungependa mtoto ayanywe. La mwisho hatupendi kulisema mbele ya wageni, lakini kila mtu hapa analifikiria: bati unaweza kuling'oa, ukalifunga, ukaondoka nalo, au ukaliuza siku mtoto anapougua. Kigae kilichokwisha kupigiliwa kimekwisha.

Kwa hiyo tungeweza kumaliza hapo, tuseme hapana asante, mabati yetu yatosha. Lakini tungekuwa tunawadanganya.

Kabla ya kurudi Marekani, yule kijana alitembea nasi kuangalia nyumba tulizoezeka mwaka juzi na pesa za wafadhili. Hakutazama mabati. Aliingia ndani, akainua kichwa, akauliza swali moja kila nyumba: "Hili paa linashikwa na nini?" Tukamwonyesha misumari. Akasema, "Na kenchi, inashikwa na nini kwenye ukuta?" Hapo hatukuwa na cha kumwonyesha. Imekaa juu ya ukuta. Uzito wake ndio unaoishika, na bati si zito.

Mnajua tunakokwenda. Nyumba ya mama yule wa karibu na ziwa, mjane, anayelea wajukuu watatu. Mwezi wa kumi na moja, usiku, upepo ulitoka ziwani ukaingia chini ya baraza, ukabeba upande mmoja mzima na papi zake, ukautupa kwenye mihogo ya jirani. Mjukuu mmoja alikatwa na bati mguuni, akashonwa. Asubuhi tulipofika, mama hakupiga kelele. Alisema tu: "Nyumba yangu ya nyasi ilikuwa inavuja, lakini haikunikimbia."

Wakati ule tulisema ni mkono wa Mungu, upepo ulikuwa mkubwa. Tumerudi kuangalia na macho mengine. Upepo ulikuwa mkubwa, ndiyo. Lakini nyumba tano za jirani hazikuguswa. Tulichokuta ni hiki. Kenchi zilijengwa kwa mbao mbichi, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kumaliza kabla mvua hazijaanza. Mbao zikakauka, misumari ikalegea kwenye matundu yake. Hakukuwa na waya wowote wa kufunga kenchi na ukuta. Baraza liliezekwa kwa paa lile lile la nyumba, likaendelezwa mbele, kwa hiyo upepo ulioinua baraza uliondoka na nyumba. Na misumari ya bati mingi ilipigwa bondeni, mahali maji yanapopita, badala ya juu ya wimbi, bila hata kipande cha malapa chini ya kichwa.

Tena kuko jambo la mabati mawili. Ukilalisha bati juu ya jingine kwa wimbi moja, nyumba ya 5 kwa 7 inamalizika na mabati 20. Ukilalisha wimbi moja na nusu, inavyotakiwa mahali pa upepo, unahitaji 22. Tulipewa 20 kila nyumba. Fundi alifanya yafike. Tulimwona akifanya hivyo, tukanyamaza, kwani kuandika kuomba mabati mawili zaidi tuliona aibu, tukafikiri tutaonekana batu wa kuomba omba.

Na katika raporo yetu kwa wafadhili nyumba hiyo iliandikwa "imekamilika". Sisi njo tulioandika. Fundi msimlaumu, alitumia alichopewa katika siku alizopewa. Kosa hilo ni la komite hii.

Sasa tunaweza kuwajibu ndugu zetu wa Marekani, na barua tumeiandika, katibu anayo, mtaisikia kabla haijaenda. Tunawaambia: vigae hapana, na tunawaomba wasichukie. Kile mlichotuma kimefanya kazi kubwa kuliko kontena. Kigae chenu kimetufundisha kwa sababu hakikubali ujanja: ukikiwekea mbao mbaya chini, kinakuonyesha. Bati lina ustahimilivu, linafunika makosa mpaka usiku wa upepo. Ile pesa ya kontena, kusafirisha mpaka Dar es Salaam, kufika Kigoma, kuvuka ziwa, pamoja na ushuru wake, tunawaomba waigeuze iwe mbao kavu, waya, misumari yenye kofia, na siku za fundi. Na kijana wetu akija tena, aje bila vigae, aje na mkanda wake wa kupimia, akae na vijana wetu sita shantieni mwezi mmoja. Hicho hakitozwi ndege.

Kwa wafadhili wetu. Kila mwaka mnatuuliza, na mna haki: pesa imenunua mabati mangapi? Tunawajibu idadi, tunawatumia picha, bati linang'aa vizuri pichani. Waya hauonekani pichani. Unaingia ukutani tofali nne chini ya mwisho, unapanda, unazungushwa kwenye kenchi, unakazwa, basi umefichika. Tunaomba mwaka huu mtuulize kitu kingine: kenchi zimefungwa? Mbao zilikaushwa wiki ngapi? Na mturuhusu kujenga nyumba nane badala ya kumi kwa pesa ile ile. Tunajua kuna familia mbili hapa ukumbini ambazo zinasikia maneno hayo na kuhesabu namba yao. Tulikwenda kwao jana usiku kuzungumza nao, wasije wakasikia kwa mara ya kwanza hapa. Moja imekubali. Nyingine haijakubali, na haina lazima ya kukubali.

Mzee mmoja wa komite, ambaye hakubaliani nasi, ametuomba tuseme neno lake pia, na ni haki yake. Anasema: batu wako chini ya shitingi leo, ninyi mnazungumza habari ya waya. Afadhali paa bovu kumi kuliko mazuri nane. Anasema aliyelowa hangoji mbao zikauke. Hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulichofanya ni kununua mbao sasa, wakati wa jua, na kuzipanga ofisini, zimeachanishwa kwa vijiti zipitishe hewa, ili siku ya kujenga zisiwe sababu ya kuchelewa. Zile mlizojikwaa nazo mlangoni mlipoingia njo hizo.

Kwa nyumba za mwaka juzi, nyingine tisa bado zimesimama bila waya. Tutazipitia zote kabla ya mvua kubwa. Kenchi inaweza kufungwa hata nyumba ikiwa imekwisha: unatoboa ukuta chini ya tofali ya nne, unapitisha waya, unauzungusha juu. Ni kazi ya siku moja na mafundi wawili. Ambaye baraza lake limeungana na paa la nyumba, tutalikata na kulishusha liwe na paa lake lenyewe, ili upepo ukilitaka uchukue baraza, nyumba ibaki. Tunajua hamtapenda umbo lake.

Nyumba ya mama tunaanza Jumatatu. Katika mabati yake 14 yamenyooshwa na yanafaa, manane tutanunua kutoka mfuko wa chama, ziwe 22. Waya upo, mbao zipo. Tunakosa ngazi moja ndefu na watu wawili wa kusaidia kunyanyua kenchi. Mwenye ngazi amwone katibu kabla hajatoka, na aandike jina lake juu yake, mara ya mwisho moja haikurudi.